Msiitoe lignini yote

Bua la mahindi lililokauka, hilohilo tunalochoma shambani au kumtupia ng'ombe, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Sio utani jamani. Ni sukari kabisa, glukosi na ndugu zake, ila imeungwaungwa minyororo mirefu halafu ikafungiwa ndani ya ukuta wa seli kiasi kwamba ukilitafuna unaumia fizi na utamu huuoni. Watu wa nishati wameitolea macho hiyo sukari miaka na miaka, wanasema kwa nini tuchukue mahindi ya kula tutengeneze ethanoli ya magari wakati mabua yapo, nyasi zipo, miti inayokua haraka ipo? Kwenye karatasi hesabu inakubali. Kiwandani ndo inagoma, na kinachogomesha zaidi ni huo ukuta.

Sasa mi nimekuwa nafuatilia hii habari ya kuubadilisha ukuta wenyewe, yaani badala ya kununua mitambo mikali zaidi ya kuuvunja, unaingia kwenye jeni za mmea ili ujenge ukuta unaofunguka kirahisi. Na kadiri ninavyosoma ndo naona wengi wanaisimulia kombo. Wanasema kuna adui anaitwa lignini, yaani kile kitu kinachoukaza huo ukuta, wanasayansi wamempunguza, kazi kwisha. Hapana. Kazi za maana kabisa kwenye hii fani zimefanywa na watu walioacha kuuliza "tuipunguze kiasi gani" wakaanza kuuliza "iko wapi, na ni ya aina gani". Hiyo ndo hoja yangu ya leo, mengine yote ni kuizunguka tu.

Chukua muwa, kata pingili moja kwa kisu kikali, halafu angalia pale palipokatwa ukiwa kwenye mwanga. Utaona madoa madogo yametapakaa, na ukisogea karibu na ganda yanazidi kubanana. Kila doa ni fungu la mirija, ya kupandisha maji na ya kusafirisha chakula, limezungushiwa seli ngumu. Ukitafuna, maji matamu yanatoka kwenye nyama laini iliyo katikati ya hayo madoa, na zile nyuzi zinazokubakia mdomoni ndo mafungu yenyewe. Unatema makapi unadhani sukari imekwisha kumbe imebaki nyingi tu, ila hiyo sio ya meno yako.

Ukuta wa hizo nyuzi fikiria nguzo ya jengo. Selulosi ni nondo, minyororo ya glukosi maelfu kwa maelfu imelaliana sambamba imekaza. Hemiselulosi ni ile waya ya kufungia nondo, na kwenye nyasi na miwa sehemu kubwa yake ni zailani, ambayo sukari yake ni zailosi. Zege sasa, linalomwagwa mwishoni likajaza kila upenyo na kuzuia maji yasipite, ndo lignini. Lignini sio sukari kabisa. Mmea unachukua asidi amino inaitwa fenilalanini, unaipitisha hatua karibu kumi za vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia), unapata alkoholi za aina tatu hivi, unazitoa nje kwenye ukuta, na huko zinachokozwa na vimeng'enya vingine (peroksidasi na lakasi) zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, hamna ramani, kila moja inadaka iliyo karibu. Ndo maana kuifungua ni shida. Selulosi kiungo chake ni kimoja kinajirudia kwa hiyo kimeng'enya kikishakijua kinatembea nacho mwanzo mwisho, lakini lignini viungo vyake ni vya kila namna na vingine ni vigumu kweli.

Na mmea haukuweka hilo zege kwa ukorofi. Maji hayasukumwi kutoka chini kwenda juu, yananyonywa na majani, na mrija unaonyonywa hivyo bila kuta ngumu unasinyaa unajifunga. Mimea ilipotoka majini kuja nchi kavu, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, ikaja ikapata lignini, na bila hiyo mvule usingesimama, wala mtama. Hili lishike, sababu ndo linakuja kuwaumbua watu huko mbele.

Kiwandani wanafanyaje? Kwanza wanalichemsha bua kwa joto kali na asidi, au wanatumia amonia, ilimradi zege lilegee. Halafu wanamwaga vimeng'enya vya kukata selulosi. Vingi vya hivyo chanzo chake ni kuvu anaitwa Trichoderma reesei, na huyu kuvu ana historia tamu: wakati wa vita kuu ya pili jeshi la Marekani lilikuwa visiwa vya Solomon, mahema na nguo za pamba zikawa zinaoza kwa kasi ya ajabu, wakachukua sampuli wakakuta kuvu mmoja anakula pamba, na pamba karibu yote ni selulosi. Aliyekuja kumchunguza kwa miaka mingi ni Elwyn Reese pamoja na Mary Mandels, na jina la reesei ni la huyo Reese. Yaani kiumbe aliyekuwa anawaharibia mahema leo ndo tegemeo la viwanda. Baada ya hapo ndo inakuja hamira ya kugeuza sukari kuwa ethanoli, nayo ina maringo yake, glukosi inaila vizuri lakini zailosi kwa asili yake haiiwezi mpaka ifanyiwe ufundi, na asetati (jamii ya siki) inayochomoka kwenye hemiselulosi inaidhoofisha. Kila hatua hapo ni pesa. Joto pesa, asidi pesa, vimeng'enya ndo usiseme.

Kwa hiyo ukiweza kupata mmea ambao ukuta wake ni rahisi tangu shambani, umeokoa gharama kabla hata lori halijafika getini.

Wa kwanza kuijua faida hiyo hawakuwa watu wa mafuta, walikuwa watu wa ng'ombe. Mwaka 1924 huko Minnesota, Marekani, ilionekana mahindi ambayo mshipa wa kati wa jani una rangi ya kahawia badala ya kijani au weupe. Baadaye ikajulikana yana lignini kidogo na ng'ombe anayamengenya vizuri zaidi. Mtama wa namna hiyo ukatengenezwa chuo kikuu cha Purdue, hukohuko Marekani, kwa kutibu mbegu na kemikali ya kusababisha mabadiliko, matokeo yakatoka 1978. Miaka mingi baadaye walipofungua jeni wakakuta kwenye baadhi ya mimea hiyo kilichoharibika ni kimeng'enya kinaitwa COMT, kwenye mingine ni CAD, vyote viko njia ya lignini hukohuko mwishoni.

Mi nimekulia Machame kwenye ng'ombe wa kufungiwa bandani, na mtu wa kule haumwambii kitu kuhusu lignini hata kama hilo neno halijui. Mabua yanapandishwa kutoka tambarare na pikapu imejaa mpaka inainama nyuma, unayakatakata kwa panga, unamwekea ng'ombe horini, asubuhi unakuta majani kamaliza, ncha laini kamaliza, vile vipande vinene vya chini kavisukumia pembeni vimelowa mate tu. Vinaenda kwenye samadi. Tulikuwa tunasema ng'ombe anadeka. Hadeki, tumbo lake lina vijidudu vyenye vimeng'enya vya kukata selulosi kama vile vya kiwandani na vinakwama palepale kwenye zege.

Turudi kwenye mafuta. 2011 taasisi ya Noble kule Ardmore, Oklahoma, ikachapisha kazi ya nyasi inaitwa swichigrasi, nyasi ya asili ya mbuga za Marekani ambayo serikali yao ilikuwa imeichagua iwe zao la nishati. Walibana COMT, yaani waliipunguzia kazi jeni yake, wakapata ethanoli zaidi mpaka asilimia 38 kwa njia ileile ya kawaida, na vimeng'enya vilivyohitajika vikashuka mpaka theluthi au robo ya kawaida. Hapo watu wakashangilia, na kwa haki.

Lakini Ubelgiji na Ufaransa ndo stori inanoga. Kundi la Wout Boerjan wa Ghent lilipanda mipopla, miti inayokua haraka, shambani kabisa, sio kwenye vyungu, ikiwa imebanwa jeni ya CCR, ambayo ndo hatua ya kwanza ya njia inayoenda kwenye lignini pekee. Mti wa namna hiyo ukiumenya gome, mbao yake ina mabaka mekundu, na palipokoza wekundu ndo jeni imebanwa zaidi, pengine pamekolea pengine hapajabadilika. Matokeo yakatoka 2014. Mbao za miti iliyokolea zaidi zilitoa ethanoli hadi asilimia 161 zaidi. Ukiona namba hiyo peke yake unaweza kukopa benki. Ila ukichanganya mavuno yote, gome ndani, miti iliyobanwa kidogo ndani, ongezeko linashuka mpaka kama asilimia 20 kwa uzito, na miti iliyobanwa sana haikukua vizuri. Waandishi wenyewe walisema wazi kwamba hii njia itafaa kama hayo mawili, kubana kusikolingana na kukua vibaya, yatatatuliwa. Nawaheshimu kwa hilo, maana gazeti lingekuandikia 161 likaishia hapo.

Unaona sasa? Umebana lignini kila mahali, ikiwemo kwenye mirija ya maji. Mirija inasinyaa, mti unadumaa, unapata kilo chache za kitu kizuri.

Hapo ndo nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna kazi ya 2013 ambayo kwangu mimi ndo yenye akili kuliko zote, ya kundi la Dominique Loqué pale JBEI, Emeryville, California, taasisi iliyoanzishwa 2007 kwa pesa za Wizara ya Nishati ya Marekani. Walichukua Arabidopsis, kimmea cha maabara cha ukoo wa kabichi, cha aina ambayo jeni yake ya C4H ni mbovu. C4H iko karibu mwanzo kabisa wa njia, ikiharibika hiyo mmea unakuwa kibete. Wakamrudishia C4H nzima, lakini hawakumrudishia na promota yake, yaani kile kipande cha DNA kinachoamua jeni iwake wapi na lini. Walimpa promota ya jeni nyingine, VND6, ambayo huwaka kwenye seli za mirija ya maji. Basi mirija ikapata lignini yake kama kawaida ikasimama wima, na seli za nyuzi, zile nene za pembeni ambazo ndo ghala la sukari, zikapata kidogo. Mmea ukakua vizuri.

Hawakuishia hapo. Kuna jeni inaitwa NST1 ambayo kazi yake ni kuamuru seli za nyuzi zijenge ukuta mnene, na mojawapo ya jeni inazoziamuru ni IRX8. Jamaa wakachukua promota ya IRX8 wakaiunganisha na NST1 yenyewe. Fuatilia hapo: NST1 ikitokea inawasha promota, promota inatoa NST1 nyingine, hiyo nayo inawasha tena, mzunguko unajiendesha wenyewe na unajiendesha kwenye nyuzi tu. Kuta zikanenepa. Na kwa kuwa njia ya lignini humo ilishabanwa, kilichoongezeka ni selulosi na hemiselulosi, yaani sukari. Ni jeni za mmea huohuo na promota za mmea huohuo, wamezipanga upya tu. Mi niliposoma hiyo sehemu nilisoma mara ya pili taratibu kwa raha tu. Ghent nao 2018 wakatoa kitu cha mtindo huo, waliirudisha CCR kwenye mirija ya Arabidopsis zilizodumaa na zikainuka.

Kuna mtu atasema, mbona Purdue walionyesha shida sio mirija tu? Ni kweli, 2014 kundi la Clint Chapple lilionyesha kwamba kibete kingine cha lignini kinaweza kurudi kimo chake ukiondoa sehemu fulani za mashine ya kuendesha jeni, inaitwa Mediator, hata kama lignini yenyewe imebaki tofauti kabisa na ya kawaida. Maana yake kudumaa sio kila mara ni mirija kusinyaa, pengine mmea unahisi kuna tatizo kwenye ukuta na unajizuia wenyewe kukua. Mambo ni mengi.

Na njia zingine zipo, nazipitia haraka. JBEI walichukua jeni ya QsuB kutoka kwa bakteria Corynebacterium glutamicum (huyuhuyu anayetumika viwandani kutengeneza kiungo cha MSG, mpishi wa chipsi anamjua bila kumjua) wakaipandikiza ikawa inakwapua malighafi kabla haijafika kwenye lignini. Wenzao wa Wisconsin, Michigan na British Columbia, 2014, hawakupunguza hata kidogo, walichukua jeni kutoka kwa Angelica sinensis, mmea wa dawa za Kichina, wakaiweka kwenye mpopla ili lignini ijengwe ikiwa na viungo dhaifu ndani yake, shambani inashika, kiwandani ukiitia alkali ya wastani inakatika. Hiyo naipenda sana. Zege liko palepale, uzito uleule, mti umesimama.

Kwenye miwa, University of Florida walikutana na shida ya aina yake, maana muwa una nakala nyingi mno za kila jeni. 2018 kundi la Fredy Altpeter likaripoti kwamba limehariri nakala 107 kati ya 109 za COMT kwenye muwa, lignini ikashuka kwa hadi karibu asilimia 20, sukari iliyopatikana kwenye makapi ikapanda kwa hadi asilimia 44 hivi, na mavuno shambani hayakuanguka. Halafu 2023 North Carolina State wakaja na CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, kwenye mipopla, kompyuta ikachekecha mikakati karibu 70,000 ya kuhariri jeni 21, wakachagua mikakati 7 wakaijaribu, na kuna miti lignini ilishuka kwa asilimia 49. Karibu mikakati yote mizuri iligusa jeni zaidi ya moja kwa pamoja, na hiyo inakuonyesha kwa nini zama za kubana jeni moja zilikuwa zinagonga mwamba.

Sasa swali la mtu wa kawaida: mafuta yako wapi?

Hayapo, au yapo kiduchu. Sheria ya Marekani ya 2007 ilitaka ifike 2022 wawe na galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi kwa mwaka. Hugoton, Kansas, kiwanda kikafunguliwa 2014, mwenye kiwanda akafilisika 2016. Emmetsburg, Iowa, 2014 pia, 2019 wakasimamisha. Nevada, ule mji wa Iowa sio jimbo, DuPont wakafungua 2015 kiwanda cha galoni milioni 30, 2018 kikauzwa na mnunuzi akageukia gesi. Na sehemu kubwa ya hicho kinachohesabiwa leo kisheria kuwa mafuta ya selulosi ni gesi ya kwenye madampo ya taka. Ukisoma habari za viwanda hivyo unakuta ukuta wa seli ni lawama moja tu. Kuna marobota ya mabua yamejaa mchanga yanakula mashine, kuna marobota yanashika moto yakiwa yamepangwa, kuna bei ya mafuta ghafi iliyoporomoka mwaka uleule wa 2014. Jeni haitoi mchanga kwenye robota.

Huku kwetu Tanzania mi nina mashaka ya namna nyingine. Ethanoli yetu inatoka kwenye molasi, makapi ya miwa yanaingia kwenye boila yanatoa mvuke na umeme, kiwanda cha sukari cha TPC Moshi wanafanya hivyo. Kwenye boila lignini sio adui hata kidogo, kilo moja ya lignini ina joto la megajuli kama 25 wakati selulosi ni kama 17. Mkaa ndo kabisa, mti wenye lignini nyingi unakupa mkaa mwingi, na mpaka leo kaya zetu nyingi zinapikia kuni na mkaa hata kama mkakati wa taifa wa 2024 unataka asilimia 80 wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo mtu akikuletea mmea wa lignini kidogo muulize kwanza unaenda kuchomwa, kuchachushwa au kuliwa. Jibu likiwa kuchomwa, mrudishie mbegu zake.

Likiwa kuliwa, hata leo tungeweza kuanza. Mtama wenye mshipa wa kahawia unahamishwa kwa kuchavusha tu kama mbegu yoyote, hauhitaji kibali cha GMO (mimea iliyobadilishwa jeni), wakati mimea ya maabara ingekwama hapa maana Tanzania majaribio ya GMO yalisimamishwa 2018, Kenya wao walitoa mwongozo wa kuhariri jeni 2022 na mwaka huohuo wakaondoa marufuku yao ya tangu 2012. Ila mtama huo una tabia ya kulala upepo ukipiga, na mkulima wa Dodoma ambaye anategemea huohuo mtama kwa ugali hawezi kukubali ulale kisa mabua ni laini. Hayo mabua ni ya pili kwake.

Na ardhi tusiisahau, tulishaonja. Kipindi cha mbono kaburi, Kisarawe, kampuni ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya dizeli ya mimea, 2011 ikaishiwa pesa kazi ikasimama, vijiji vikabaki bila ardhi na bila ajira. Mbono ni mafuta ya mbegu, haina uhusiano na lignini, lakini hakuna mwanakijiji atakayekaa akusikilize ukimfafanulia hiyo tofauti.

Kinachonisumbua zaidi mimi ni mzani. Shemeji yangu analima miwa mkoa wa Morogoro, ni mkulima wa nje, anauza kupitia AMCOS, ushirika wa wakulima, na malipo yanategemea tani na kiwango cha sukari kilichopimwa kwenye maabara ya kiwanda. Kila msimu ugomvi ni uleule, wakulima wanasema miwa yetu ilikuwa mitamu kuliko ilivyoandikwa, na kipimo wao hawakioni kinavyofanyika. Sasa leta muwa ambao uzuri wake uko kwenye ukuta wa seli, ambao pengine tani zinapungua kidogo lakini makapi yake yanatoa sukari zaidi. Faida hiyo yote inatokea ndani ya geti. Nilimwelezea akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na hiyo ya kwenye makapi, shem, nayo watatuandikia kwenye stakabadhi?"